Sungura Wakifa kwa Mfululizo

Jioni amekula majani yake vizuri. Asubuhi unamkuta amekakamaa bandani, puani pana damu. Wengi hapo humshuku jirani kwamba ametega sumu. Huenda. Lakini wakifa wawili watatu ndani ya siku chache, fikiria pia ugonjwa wa kutokwa damu wa sungura, unaoletwa na virusi.

Ulitambuliwa China mwaka 1984. Aina mpya iliyojitokeza Ufaransa mwaka 2010 ndiyo ya kuogopwa zaidi: ile ya zamani iliwaacha watoto wadogo, hii huwaua hata wenye wiki chache, na huwaingia sungura wa porini pia. Nigeria iliupata mwaka 2020. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Afrika Kusini, na huko Karoo sungura wa porini waliokotwa wamekufa.

Virusi hushambulia ini. Homa hupanda, na siku moja au mbili zinatosha; wengine hufa bila dalili yoyote. Dawa ya kuutibu hakuna. Chanjo ipo, ila haipatikani kila mahali. Muulize bwana mifugo.

Kinachoniudhi ni haraka ya kumchinja mgonjwa ili “asipotee bure”. Virusi hivi havimwambukizi binadamu, kweli, lakini damu, ngozi na matumbo yaliyotupwa nyuma ya nyumba huwalisha nzi na mbwa, nao hueneza ugonjwa hadi kwa wenzako. Ndani ya mzoga virusi huweza kudumu miezi mitatu, na friza haiviui. Tena kibudu hakiliwi: hujui kilichomuua. Mfukie kwenye shimo refu au mchome.

Majani nayo ni njia ya ugonjwa. Usikate pale sungura wa porini wanapolisha. Sungura mpya mtenge siku 30, umhudumie wa mwisho, na viatu vya bandani vibaki bandani. Vizimba visuguliwe kwanza hadi kinyesi kitoke, kisha vipakwe jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kwa dakika 10.

Macho na sehemu za siri zikivimba, huenda ni miksomatosisi, ambayo huenezwa na mbu na viroboto. Hapo chandarua cha banda husaidia.

Ukiona vifo vya mfululizo, nyumbani au porini, usiuze wala kumgawia mtu sungura hata mmoja. Mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo.