Dondoo muhimu: Wapi pa kula Sumbawanga wakati wa baridi

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi ya Ufipa ni kali, kwa hiyo usitoke asubuhi na tumbo tupu. Kwa mama lishe karibu na soko au stendi utapata supu ya ng'ombe na chapati. Ukikuta uji wa ulezi, acha chai.

Ugali wa ulezi. Huu ndio mlo wa Wafipa wenyewe, na kufika hapa ukaondoka umekula sembe tu ni hasara kubwa. Sehemu nyingi husonga sembe kwa sababu wateja wengi ndiyo wanayoagiza, hivyo pita asubuhi umwombe mpishi akusongee wa ulezi mchana. Uule ungali moto, kwa maharage au migebuka wa Ziwa Tanganyika. Uliza kama samaki ni mbichi au mkavu: mbichi mzuri akikaangwa, mkavu aungwe mchuzi mzito.

Ukienda Maporomoko ya Kalambo, kula Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Beba maji na chakula cha akiba, maana kupanda ngazi kutoka bondeni kunachosha.

Kasanga, ufukweni mwa ziwa, kuna joto. Kama uvuvi haujasitishwa ziwani, fika mapema, samaki wa usiku wakiwa ndiyo kwanza wameshushwa.

Jioni ule kabla ya saa mbili. Vibanda vingi hufungwa mapema baridi ikizidi.