Kusoma Grafu ya Uimara wa Protini: Mfano wa G6PD

Mtahiniwa wa MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari Marekani na Kanada, huwekewa grafu asiyopata kuiona, naye hutakiwa aamue kama badiliko la jeni limeharibu kazi ya protini au uimara wake. Tuchukue G6PD, kimeng'enya kinachoikinga seli nyekundu ya damu. Mhimili wa mlalo unaonyesha umri wa seli kwa siku. Ule wa wima, nguvu ya kimeng'enya iliyobaki.

Mistari miwili huanzia karibu kimo kimoja. Hapo ndipo jibu lilipo, na ndipo wengi wasipotazama: kimeng'enya kilichobadilika kingali kinafanya kazi. Tofauti imo katika mteremko. Aina ya kawaida hupungua nusu kwa siku 62 hivi. Aina iitwayo A-, iliyoenea Afrika, kwa siku 13, hata ifikapo siku ya 39 imebaki thumuni tu. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, haiwezi kuunda kimeng'enya kingine, nayo huishi siku 120 hivi.

Basi mwenye aina hiyo akimeza primakwini, seli kongwe ndizo zipasukazo. Akipimwa siku chache baadaye, damu yake imejaa seli changa, zile za upande wa kushoto wa grafu, na kipimo chaweza kuonyesha kwamba hana kasoro. Apimwe tena baada ya miezi mitatu hivi; kabla ya hapo asirudishiwe dawa hiyo kwa kulitegemea jibu lile la kwanza.