Faiba Inakimbia, Waifai Inatambaa: Somo la Kupima Kabla ya Kulaumu



Ndugu msomaji, somo hili limetokana na kosa langu mwenyewe. Tunaishi wanafunzi wanane katika nyumba ya kupanga hapa Buyenzi, Bujumbura. Mwaka jana tulikubaliana kuchanga faranga kila mwezi, tukavuta faiba ya megabiti 100 kwa sekunde. Nyumba yetu ni ndefu, imekunja kona na ina ua katikati. Kwa hiyo mjomba wa mmoja wetu aliyeko Dubai akatuletea visanduku vitatu vya meshi, yaani vile visanduku vya waifai vinavyopokezana mtandao ili ufike nyumba nzima. Mimi nikachaguliwa kuwa mweka hazina na mtunza neno la siri.

Wiki mbili za mwanzo kila mtu alishukuru. Kisha malalamiko yakaanza: vyumba vya mbele mtandao mzuri, vyumba vya nyuma unatambaa. Asubuhi moja mwenzetu wa chumba cha nyuma alikuwa katika usaili wa ufadhili wa masomo kwa njia ya video. Picha ikaganda mara tatu, mwishowe mazungumzo yakakatika. Usiku ule tulikaa kikao, na lawama zote zikamwangukia mdogo wetu wa mwaka wa kwanza anayesoma informatiki, kwa kuwa sote tulijua kwamba hupakua programu kubwa usiku. Hakuna aliyemuuliza asubuhi ile alikuwa wapi. Nikabadilisha neno la siri, na yeye sikumpa jipya.

Kwa siku kumi alibeba kompyuta yake kwenda kutafuta mtandao chuoni, na kurudi baada ya isha. Na kwa siku kumi hizo mtandao wa vyumba vya nyuma haukuongezeka hata kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kufanya jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza: kupima.

Kwanza, kifahamu kipimo

Mtoa huduma anauza megabiti. Kompyuta yako, unapopakua faili, mara nyingi inakuonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya megabiti 100 kwa sekunde ni sawa na megabaiti 12.5 tu kwa sekunde. Ukiona faili linashuka kwa megabaiti 11 au 12, usilalamike. Umepata haki yako.

La pili, mwendo si jambo pekee. Kuna ucheleweshaji, yaani muda ambao ujumbe unachukua kwenda na kurudi, nao hupimwa kwa milisekunde. Mazungumzo ya video hayahitaji megabiti nyingi. Megabiti 3 au 4 zinatosha. Lakini yanahitaji zifike kwa wakati, bila kusitasita.

La tatu, angalia unapima mpaka wapi. Burundi haina bahari. Mawasiliano yetu na dunia hupita katika nyaya za ardhini kwenye nchi jirani mpaka pwani, kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako nyaya za chini ya bahari kama SEACOM zilianza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Programu ya kupimia ikikuunganisha leo na seva ya hapa mjini, kesho na seva ya Ulaya, majibu yatatofautiana ingawa nyumbani hakuna kilichobadilika. Chagua seva moja, na uitumie katika vipimo vyote.

Pili, pima kiungo kimoja kimoja

Mtandao wa nyumbani ni mnyororo: faiba, ruta ya mtoa huduma, kisanduku cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha simu yako. Mnyororo hauna nguvu kuliko kiungo chake kilicho dhaifu. Ukipimia chumbani tu, utajua kwamba kuna ugonjwa, lakini hutajua uko wapi.

Nilisubiri mpaka wenzangu wote wametoka. Nilitumia kompyuta moja, seva moja, na kila mahali nilipima mara tatu nikachukua jibu la katikati. Haya ndiyo niliyoyapata, kwa megabiti:

- Waya moja kwa moja kwenye ruta ya mtoa huduma: 93
- Waya kwenye kisanduku cha kwanza: 92
- Waifai, chumba kile kile cha kisanduku cha kwanza: 86
- Waifai, kando ya kisanduku cha pili: 40
- Waifai, kando ya kisanduku cha tatu: 7

Pengine utauliza kwa nini waya ulitoa 93 na si 100. Sehemu ndogo ya mwendo huliwa na anwani na alama zinazobebwa pamoja na kila pakiti ya data, kwa hiyo hilo ni jambo la kawaida. Lakini liweke akilini: ikiwa unalipia megabiti 200 au 300 na waya unakupa 94 kila ukipima, tilia shaka waya au tundu lake. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi 8. Baadhi zikikatika zikabaki 4 zinazofanya kazi, vifaa huteremka kimya kimya mpaka megabiti 100, na hakuna taarifa utakayopewa.

Sasa itazame orodha hiyo tena. Laini ilikuwa nzima. Tulichokilipia kilifika mlangoni. Zaidi ya megabiti 80 zilipotea ndani ya kuta zetu wenyewe, wakati yule mdogo wetu hayumo hata nyumbani.

Tatu, kwa nini meshi hupunguza mwendo

Mfikirie muballigh katika msikiti mkubwa siku ambayo kipaza sauti kimezimika. Imamu anatoa takbira, muballigh aliye katikati anaisikia, kisha anaipaza ili safu za nyuma zisikie. Hawezi kusikiliza na kupaza sauti kwa wakati mmoja. Lazima asikie kwanza, ndipo aseme.

Kisanduku cha meshi cha bei ya kawaida hufanya hivyo hivyo. Redio ile ile inayopokea kutoka kisanduku cha kwanza ndiyo inayopeleka kwenye simu yako, basi muda wake hugawanyika mara mbili, na mwendo hushuka karibu nusu. Ukiongeza mruko wa pili, nusu inakatwa nusu tena. Visanduku vya bei kubwa huwa na redio ya tatu iliyotengwa kwa ajili ya visanduku kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, navyo hupoteza kidogo zaidi.

Nusu ya 86 ni 43, na mimi nilipata 40 kwenye kisanduku cha pili. Hilo lilieleweka. Nusu ya 40 ni 20, lakini kisanduku cha tatu kilitoa 7. Hapo palikuwa na kingine.

Nne, makosa tuliyoyakuta

*Muballigh amesimama asikosikia.* Tulikiweka kisanduku cha tatu katika chumba ambacho mtandao ulikuwa mbaya, tukidhani ndiko kinakohitajika. Simu ikaonyesha mistari yote imejaa, kwa sababu mistari ile hueleza simu inavyokisikia kisanduku kilicho karibu nayo, haielezi kisanduku hicho kinavyovisikia vilivyo mbele yake. Muballigh asiyemsikia imamu hata apaze sauti namna gani hawezi kuzifaa safu za nyuma. Kisanduku kinatakiwa kisimame njiani, mahali ambapo mtandao bado ni mzuri. Kuna programu za simu zinazopima nguvu ya mawimbi kwa desibeli: hasi 60 ni nzuri, hasi 67 bado inafaa kwa video, hasi 75 ni dhaifu.

*Tangi la maji.* Kati ya kisanduku cha pili na cha tatu, uani, pana tangi la lita 1,000 tunaloweka akiba ya maji. Maji hunyonya mawimbi ya redio, na chuma huyarudisha. Tangi, friji, kabati la chuma na geti la bati vyote ni kuta kwa waifai, hata kama wewe unaviona ni vyombo tu.

*Ruta mbili zinazogombana.* Ruta ya mtoa huduma ilikuwa bado inarusha waifai yake kando kabisa ya kisanduku cha kwanza. Zikapigiana kelele, na simu nyingine zikang'ang'ania ile ya zamani.

*Msongamano wa hewani.* Waifai ina njia kuu mbili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta, lakini ni nyembamba: chaneli zisizogongana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Mitaa yetu nyumba zimebanana, na kila jirani yumo humo. Ya gigahezi 5 ni pana na ina mwendo, ila ukuta wa zege huichosha haraka. Visanduku vyetu vya nyuma, kwa kuwa vilisikilizana kwa shida, vilikuwa vimerudi kwenye 2.4.

*Umeme ukirudi.* Hili lilinichukua siku mbili kulielewa. Umeme ukikatika na kurudi, visanduku vyote huamka pamoja. Cha pili kikichelewa, cha tatu hujishika moja kwa moja na cha kwanza, kwa mbali, kupitia kuta nne, kisha kinakaa hapo. Ndiyo maana siku nyingine mtandao ulikuwa afadhali na siku nyingine haufai.

Tano, tulivyorekebisha

Anza na yasiyo na gharama, na ubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha pima. Ukibadilisha matano kwa pamoja hutajua lipi lilikuwa dawa.

1. Tulizima waifai ya ruta ya mtoa huduma. Kisanduku cha kwanza tukakitoa nyuma ya friji, tukakiweka juu ya rafu mahali pa wazi.
2. Tulisogeza kisanduku cha tatu mita chache, ili tangi lisiwe katikati. Kutoka 7 tukafika 18.
3. Tulichagua chaneli yenye watu wachache kwenye 2.4, na tukahakikisha kompyuta na simu zinatumia gigahezi 5.
4. Tuliweka kawaida: umeme ukirudi, tunasubiri dakika tatu, kisha tunazima na kuwasha kisanduku cha tatu peke yake.
5. Mwisho tulinunua waya wa mtandao wa mita 30, tukaupitisha chini ya upenu wa paa kutoka kisanduku cha kwanza mpaka cha tatu. Waya wa aina hii hufanya kazi hadi mita 100 bila kupoteza mwendo. Chagua wenye nyuzi za shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba, na usiuache ukining'inia mahali pa wazi kwa sababu ya radi za masika.

Baada ya waya, chumba cha nyuma kilitoa megabiti 84. Gharama yake ilikuwa chini ya mchango wetu wa mwezi mmoja.

Liko pia jambo la kusema kwa haki. Mtu mmoja anaweza kweli kuwachelewesha wenzake, hasa anapopandisha faili kubwa, kwa sababu foleni hujaa na ucheleweshaji huongezeka. Dawa yake ni mpangilio. Visanduku vingi vina sehemu ya kuyapa mazungumzo ya video kipaumbele, au kumwekea kila kifaa kiwango chake. Haihitaji kumfungia mtu mlango.

La mwisho

Nilipofungua kumbukumbu za kisanduku cha kwanza niliona orodha ya vifaa vilivyounganishwa asubuhi ya ule usaili. Kompyuta ya mdogo wetu haikuwamo. Alikuwa darasani. Ushahidi huo ulikuwa mkononi mwangu siku zote, na ulihitaji dakika moja tu kuutazama.

Nilimfuata chumbani kwake, nikamwomba msamaha, kisha nikamwomba tena mbele ya wenzetu, maana tulimtuhumu mbele yao. Faranga za siku zile kumi nilimrudishia. Akacheka, akasema: "Kaka, ungeniuliza tu ningekupimia mimi." Siku hizi yeye ndiye mtunza neno la siri. Mwenzetu wa usaili aliwaandikia waandaaji kueleza yaliyotokea, wakampa siku nyingine, na safari hii picha haikuganda.

Akhi, ukhti, wengi wetu tunaishi pamoja na tunachangia pamoja: mtandao, umeme, maji, hata sufuria. Kitu cha pamoja kikiharibika, dhana hufika haraka kuliko kipimo. Kabla hujasema "fulani anatumaliza", chukua waya, simama kwenye kiungo cha kwanza, kisha nenda hatua kwa hatua. Mara nyingi utamkuta mkosaji ni tangi la maji.

Wabillahi tawfiq.