SOMO: KUMWUA SAMAKI WA BWAWA NA UBORA WA MINOFU



Katika nyanda za Ufipa baridi humkawiza perege kukua, na mfugaji hungoja miezi mingi kabla ya kuvuna. Ni hasara kubwa kazi hiyo yote ikiharibika katika saa moja ya mavuno. Mnunuzi wa Sumbawanga huletewa pia samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Hatalazimika kununua minofu iliyolegea.

Kwa nini hulegea? Samaki akiachwa atapetape nchi kavu mpaka afe, huteketeza akiba ya sukari iliyo katika misuli yake, na asidi hubaki humo. Mwili hukakamaa mapema mno; kisha nyama huvuja maji na kupasuka inapokatwa.

Katika baadhi ya mashamba makubwa ya Ulaya samaki huzimishwa kwa umeme. Mkondo wa kutosha humpoteza fahamu kwa muda usiofika sekunde moja, naye hahangaiki. Lakini umeme nao hukaza misuli. Ukipimwa vibaya, mishipa midogo ya damu hupasuka na uti wa mgongo huweza kuvunjika. Minofu hutoka na madoa mekundu. Umeme wa majumbani hubadilika mara 50 kwa sekunde. Mitambo yenye mapigo mengi zaidi hupunguza madoa hayo. Tena, samaki aliyezimishwa huweza kuzinduka, hivyo hukatwa matamvua mara moja ili damu itoke.

Kwa hiyo, mwanachama asijaribu kamwe kutia nyaya za umeme bwawani. Ataharibu minofu, na huenda akapoteza maisha yake.

Chama chenye mabwawa machache kifuate njia hii:

1. Samaki wasilishwe kwa siku moja kabla ya kuvuna.
2. Wavuliwe asubuhi, wachache wachache.
3. Kila mmoja apigwe pigo moja la nguvu kichwani, juu ya ubongo, kisha akatwe matamvua.
4. Atiwe mara moja katika barafu, kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki.

Maswali ya kujadili mkutanoni:

(a) Chama chetu kitapata wapi barafu siku ya mavuno?
(b) Nani atakagua minofu kabla haijapelekwa sokoni?
(c) Mwanachama aletaye samaki waliokufa kwa kutapatapa alipwe bei gani?