Betri ya Pili Kwenye Hardtop: Anza na Waya

Kazi ya betri ya pili ni kubeba friji, redio, taa za kambi na chaji za simu, ili betri ya stata ibaki na jukumu la kuwasha injini tu. Anayelala na wageni katika pori la akiba la Moyowosi, au anayeshinda na gari nje ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu milango ikiwa wazi na redio ikilia, anaijua hasara ya kutegemea betri moja. Asubuhi za nyanda za juu za Kasulu zina ubaridi, dizeli ya zamani inaamka kwa uzito, na huko porini watu wa kusukuma gari hawapatikani.

Kabla ya kununua chochote, lijue gari lako. Hardtop nyingi zilizoko Kibondo na Kasulu zilianza maisha kwenye mashirika yaliyokuja kuhudumia wakimbizi wa Burundi na Kongo tangu miaka ya 1990, zikaishia mnadani. Ukinunua gari la namna hiyo, fungua boneti na ung'oe kapeti. Utakuta waya za redio ya masafa marefu zilizokatwa na kufungwa selotepu, nyingine bado zina umeme. Ziondoe zote hadi kwenye chanzo chake. Kazi mpya juu ya waya usizozijua ndiyo huleta moto.

Kisha pima volti. Land Cruiser iliyotoka Japani yenye betri mbili tayari inaweza kuwa ya volti 24, betri zikiwa zimeunganishwa kwa kufuatana. Gari hilo maelezo haya hayalihusu, na fundi atakayeziunganisha betri zake kama za volti 12 ataunguza vitu. Kwa wenye Land Rover za zamani sana, zile Series za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, tazama ni upande gani wa betri umefungwa kwenye chesisi. Nyingine ni chanya, si hasi. Na kama bado inachaji kwa dainamo, badili uweke altaneta kwanza. Dainamo haina nguvu za kulisha betri mbili.

Mahali pa kuweka ni suala fupi. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ mara nyingi zina nafasi upande wa pili wa boneti, na baadhi zilitoka kiwandani na kikalio chake. Kwenye Defender, betri hukaa chini ya kiti cha mbele, na boksi hilo likipangwa vizuri huingia mbili. Popote utakapoiweka, ifunge kwa bolti na bamba la chuma. Betri ya ampea-saa 100 huweza kufika kilo 25 au zaidi, na gari likipinduka uzito huo unaruka. Betri ya maji usiiweke ndani wanamokaa watu bila boksi lenye bomba la kutolea hewa nje, maana ikichajiwa hutoa haidrojeni.

Kuhusu aina, wenyeji hawahitaji somo refu. Kwa miaka mingi miji hii iliwashiwa umeme na majenereta ya dizeli ya TANESCO, na vijijini watu wakajitegemea kwa sola, kwa hiyo betri ya sola inajulikana. Hiyo ndiyo inayofaa: imetengenezwa kutoa umeme polepole na kwa muda mrefu. Betri ya kawaida ya gari hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, na ukiimaliza mara kwa mara inakufa mapema. Betri za lithiamu ni nyepesi na nzuri, ila zinataka chaja yake maalumu kati yake na altaneta, na hazipendi joto la boneti. Kwa gari la kazi huku kwetu, mimi bado nachagua risasi.

Sasa kiungo kati ya betri mbili. Wapo wanaoziunganisha moja kwa moja, chanya kwa chanya. Hapo huna betri mbili. Una betri moja kubwa, na friji itazimaliza zote kwa pamoja. Wapo wanaotumia rilei inayowashwa na swichi ya ufunguo. Hiyo ina ubaya wake: ukifungua ufunguo tu, betri zinaungana kabla injini haijawaka, kisha stata inavuta mamia ya ampea kupitia waya ambao haukuwekwa kwa kazi hiyo. Chagua rilei inayosoma volti. Hii huunganisha betri pale betri ya stata inapofika volti 13.3 hivi, yaani altaneta inachaji, na kuzitenganisha volti zikishuka hadi karibu 12.8. Haihitaji dereva kukumbuka chochote. Wengine huongeza kitufe cha kulazimisha betri ziungane ili ya pili ishtue gari. Mimi naona waya za kushtulia ndani ya boksi la spana zinatosha, na hazileti hitilafu.

Sehemu inayoharibiwa zaidi ni waya. Fundi akikuambia waya wa milimita 6 za mraba unatosha, fanya hesabu naye. Mita 3 za shaba ya unene huo, zikipitisha ampea 40, zinapoteza takriban volti 0.35. Altaneta ikitoa 14.2, betri ya pili inaona chini ya 13.9, na itajaa polepole sana. Utalaumu betri bure. Waya wa milimita 25 za mraba kwa urefu uleule unapoteza chini ya volti 0.1. Nunua huo, uwe wa shaba, na lagi zake zikandamizwe kwa koleo maalumu badala ya kupondwa kwa nyundo. Upitishe ndani ya bomba la plastiki, mbali na ekzosi, na kila unapovuka tundu la bati weka mpira. Barabara za huku zinatikisa, na bati linakata ganda la waya taratibu mpaka lifike kwenye shaba.

Kwa sababu hiyo fyuzi ni mbili. Waya huo una umeme pande zote mbili, hivyo weka fyuzi karibu na chanya cha kila betri, kwa umbali usiozidi sentimita 20. Kwa waya wa milimita 25, ampea 100 inafaa. Fyuzi moja inaacha nusu ya waya bila ulinzi.

Upande wa hasi usidharauliwe. Tumia waya wa unene uleule hadi kwenye chesisi, na mwingine hadi kwenye injini au hasi ya betri ya kwanza. Kwenye Land Rover usitegemee bodi: ni alumini iliyokaa juu ya chuma, na unyevu wa masika hula maungio hayo. Kwangua rangi mpaka chuma kiwake, funga, kisha paka grisi.

Wakati wa kufunga, ondoa hasi ya betri ya stata kwanza na uirudishe mwisho kabisa. Injini ikiwa imezimwa na betri zimepumzika, kila iliyojaa isome kati ya 12.6 na 12.7. Washa, subiri dakika chache, pima tena: betri zote ziwe karibu na 14, na tofauti isizidi 0.2. Ikizidi, kuna lagi mbovu au hasi dhaifu. Zima injini, washa taa kwenye betri ya pili, na usikilize rilei ikiachia.

Usitarajie miujiza. Friji ya wati 45 huvuta karibu ampea 4, na ikifanya kazi nusu ya muda inakula kama ampea-saa 45 kwa siku. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una siku moja, basi. (Na friji hiyo ni ya soda na nyama. Chanjo zinataka nyuzi 2 hadi 8 bila kuyumba, katika vifaa vyake.) Mizunguko mifupi ya sokoni Kasulu haitairudisha chaji hiyo, kwani sehemu ya mwisho ya chaji huingia polepole. Anayeegesha siku tatu Moyowosi aweke paneli ya wati 100 na kidhibiti chake juu ya keria.

Lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu inapunguza mateso, lakini ukishaiacha barabara kuu matope na mawimbi viko palepale. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, kaza tena bolti zote. Ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri uoshe kwa magadi na maji, vifuniko vikiwa vimefungwa. Na maji yakipungua ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si asidi, hata muuza duka akikushawishi.