Skii Pana za Theluji ya Unga: Ya Kufanya na ya Kuacha

Picha za matangazo ya skii pana karibu zote zinaonyesha siku ileile: theluji imefika kifuani, jua limetoka, na mlima mzima hauna mtu ila huyo anayeteremka. Siku hiyo wewe utakuwa kazini. Kwa hiyo kabla hujaingia dukani, iwe umehamia Salt Lake City au unasoma Innsbruck, pitia masharti haya. Ukiona lipo la kubishia, libishie baada ya msimu mmoja.

DUKANI

Usinunue skii ya siku unayoiota. Nunua ya theluji unayoikanyaga wiki nenda, wiki rudi. Alta, juu ya bonde la Little Cottonwood katika jimbo la Utah, hupata kwa wastani zaidi ya mita 12 za theluji kwa mwaka. Na bado hata huko, asubuhi ya theluji mpya, lifti zikishafunguliwa baada ya saa tatu, haupiti muda mrefu kabla miteremko iliyo wazi haijachanwachanwa yote. Kuanzia hapo hadi jioni unapanda na kushuka mabonge, na kesho yake uko kwenye njia zilizoshindiliwa na mitambo. Mwenye skii yenye kiuno cha milimita 118 kama jozi yake pekee amevaa mabuti ya masika mwaka mzima.

Soma namba tatu zilizoandikwa juu ya skii. Tuseme 135-106-125: upana wa pua, wa kiuno na wa mkia, kwa milimita. Inayokuhusu ni ya katikati. Chini ya 90 ni skii ya theluji ngumu. Kati ya 95 na 105 ndiyo ya mtu mwenye jozi moja anayetaka kwenda popote mlimani. Kuanzia 106 hadi 112 inaipokea vizuri siku ya theluji mpya bila kukutesa sana siku zinazofuata. 115 kwenda juu ni ya kina kirefu, na iwe jozi ya pili. Anayetaka kuifanya ya kwanza ahamie Hokkaido, ambako upepo baridi wa Siberia huvuka Bahari ya Japani, hunywa unyevu njiani, kisha huumwaga kwenye milima ya Niseko na jirani zake kwa muda mrefu wa majira ya baridi.

Elewa upana unakugharimu nini. Skii pana huelea kwa sababu inausambaza uzito wako juu ya eneo kubwa zaidi la theluji. Hilo kila muuzaji atakuambia. Asilolisema ni hili: soli ya kiatu cha skii, kule mbele, ina upana wa milimita 69. Iweke juu ya kiuno cha 110, na ukingo wa chuma unabaki nje ya soli kwa takriban milimita 20 kila upande. Kwenye theluji ngumu unasimama juu ya ukingo huo, si juu ya tumbo la skii, na huo umbali wa nje unageuka wenzo unaoilazimisha skii kulala bapa. Kinachopambana na wenzo huo ni goti lako, kona baada ya kona, kutwa. Mwenye goti lililowahi kufanyiwa upasuaji asiamue upana kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Usipime urefu kwa kidevu tu. Kanuni ya kidevu hadi paji la uso ilitungwa zama za skii ambazo karibu zote ziligusa theluji kutoka pua hadi mkia. Skii ya leo imepinda juu mbele, mara nyingi na nyuma, kwa hiyo kwenye theluji ngumu inatumia sehemu tu ya urefu wake. Mtu mzito au mwenye kasi achukue inayolingana na kimo chake au inayozidi kidogo. Anayejifunza apunguze. Na beba futi yako: viwanda havipimi kwa namna moja, na skii mbili zilizoandikwa 184 zinaweza kutofautiana kwa sentimita mbili au tatu zikisimamishwa ukutani.

Usiamini kwamba kadiri skii inavyopinda juu ndivyo inavyofaa. Huo mpindo wa juu, ambao mafundi huuita roka, una historia yake. Mtelezaji Shane McConkey aliwahi kufunga vifungio vyake vya viatu kwenye skii za kutelezea majini akateremka nazo milima ya Alaska. Hoja yake ilikuwa kwamba theluji yenye kina haina tofauti kubwa na maji: haihitaji ubavu uliokatwa wala upinde chini ya mguu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Volant ikatoa skii aliyoibuni, Spatula, yenye kiuno cha milimita 125, kipana kuliko pua na mkia wake. Iliigeuza biashara yote ya skii za unga. Lakini McConkey, aliyefariki mwaka 2009 akirekodi filamu katika milima ya Dolomiti, hakuwaficha wanunuzi kwamba kwenye theluji ngumu chombo hicho hakifai. Skii nzuri za leo zimechukua nusu ya wazo lake: pua imepinda, mkia kidogo, ila chini ya mguu umebaki upinde wa kawaida unaouma barafu. Hiyo nusu inakutosha.

Usinunue wepesi usiouhitaji. Skii nyepesi kabisa zimeundwa kwa wanaopanda mlima kwa miguu yao wenyewe. Wewe unapandishwa na lifti. Kwenye mabonge ya alasiri skii hizo zitakurusha huku na huku, na utamlaumu fundi bure.

Kodi kwanza, tena siku mbaya. Usiijaribu siku ya theluji mpya peke yake. Siku hiyo hata ubao wa mlango utakufurahisha.

Kiatu kitangulie skii. Kisigino kikielea ndani ya kiatu, skii ya bei yoyote itakwenda inakotaka yenyewe. Pesa zikiwa chache, nunua kiatu kipya na skii ya mtumba. Na ya mtumba, hesabu matundu yake: skii iliyokwisha kutobolewa mara mbili kwa vifungio tofauti iache, labda viatu na vifungio vyako viangukie palepale. Kagua kingo zote kwa kidole uone kama zimepasuka. Kutu ya juujuu husuguliwa ikaondoka, ila ukingo uliopinda ukaachana na kiini cha mbao ni skii ya kutundika ukutani.

MEZANI KWA FUNDI

Linganisha breki na kiuno. Breki ya kifungio inapaswa kuzidi kiuno kwa milimita chache, isifike hata 15. Skii ya 106 ichukue breki ya 110 au 115. Yenye 130 itaning'inia nje na kukwaruza theluji kila unapolaza skii ubavu. Yenye 100 usikubali ipanuliwe kwa koleo mbele yako, hata fundi akikuapia.

Usimwambie fundi "weka popote". Skii ina alama ya kiwanda, na kiatu kina mstari wa katikati kwenye soli. Mistari hiyo miwili ikutane. Alama hiyo haiko katikati halisi ya skii: kwenye skii ya kwenda mbele tu, iko nyuma ya katikati kwa sentimita 8 hadi 12, kwenye zile za warukaji inasogea karibu zaidi. Kurudisha kifungio sentimita moja nyuma huipandisha pua kwenye unga na kuifanya skii iwe nzito kugeuka. Kusogeza mbele ni kinyume chake. Kama huna sababu unayoweza kuieleza kwa sentensi moja, baki kwenye alama. Wapo wanaosogeza sentimita tatu nyuma kwa kuogopa pua kuzama, kisha wanashangaa kwa nini wanateleza wakiwa wamekaa kitako.

Usitoboe mwenyewe, ila ujue kazi inavyofanywa. Skii yenye kiini cha mbao bila bati hutobolewa kwa keekee ya milimita 3.5, yenye bati za aloi ya alumini, kwa 4.1, kisha tundu hukatwa njia ya skrubu. Kina ni milimita 9, na ncha ya keekee ina kizuizi ili isipite hapo. Bila kizuizi utaona kipele upande wa chini wa skii, na hakitibiki. Gundi huingia tunduni kabla ya skrubu ili maji yasioze mbao. Tundu jipya likae angalau sentimita moja kutoka la zamani. Uliza maswali haya kwa adabu. Fundi mzuri hakasiriki, na anayekasirika umeshamjua.

Usidanganye kwenye fomu ya DIN. Hapa ndipo watu wazima wanapogeuka watoto. Namba inayoamua kifungio kiachie mguu lini hutokana na mambo matano: uzito wako, kimo, umri, urefu wa soli ya kiatu kwa milimita, na aina yako ya utelezaji, kuanzia ya mwangalifu hadi ya mkali. Jedwali lipo katika viwango vya ISO 11088, na fundi hulifuata. Watu hupunguza kilo, hujipandisha daraja, na waliovuka miaka 50 hujirudisha 45, ilhali umri huo ndio jedwali linapoanza kushusha namba. DIN kubwa si cheo. Ni ahadi kwamba ukianguka vibaya, skii itakaa mguuni na mfupa ndio utakaoachia. Wapo pia wanaoipandisha kwa hoja ya skii kupotea kwenye unga. Skii hununuliwa nyingine.

Chagua vilevile kifungio ambacho namba yako inaangukia katikati ya kipimo chake. Anayehitaji 7 hana kazi na kifungio cha 8 hadi 18, hata kama bingwa fulani anacho. Na kifungio kikishasogezwa kulingana na soli, mgandamizo wake wa mbele ukaguliwe. Hatua hiyo hurukwa mara nyingi kuliko zote, na bila hiyo namba ya DIN haina maana.

Usichanganye soli na vifungio. Soli tambarare za zamani, soli zenye mkunjo za GripWalk na soli za kupandia mlima ni vitu vitatu. Kifungio cha zamani hakikubali zote. Peleka viatu vyenyewe, si maelezo yake.

Noa kingo kwa kiasi. Nyuzi 1 upande wa chini na 2 ubavuni zinawatosha wengi. Pale skii ilipopinda juu, mbele na nyuma, punguza makali kidogo kwa jiwe la mpira, usiyaue. Kabla ya yote, weka rula ya chuma kwenye tumbo la skii mpya na utazame mwanga: skii pana hutoka kiwandani zimebonyea au zimevimba katikati mara nyingi kuliko nyembamba, na tumbo la namna hiyo halitashika mstari ulionyooka hadi lisawazishwe kwa mashine ya jiwe.

Paka nta inayolingana na baridi ya siku hiyo. Chembe za theluji mpya, baridi ikipita nyuzi 10 chini ya sifuri, ni kali na hukwaruza. Zinataka nta ngumu. Nta laini ya kusugua kwa mkono itaisha kabla ya chakula cha mchana. Nta zenye florini achana nazo. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, limezipiga marufuku kwenye mashindano tangu msimu wa 2023/24, na wewe huna mashindano.

MLIMANI

Kwangua theluji chini ya kiatu kabla ya kukanyaga kifungio. Bonge dogo lililoganda chini ya soli linatosha kufanya kifungio kifunge nusunusu na kuachia katikati ya kona. Unga hujaza soli kila unapovua skii. Kwangua kila mara.

Usitoke nje ya njia peke yako, wala bila vitu vitatu: kifaa cha kutuma na kupokea ishara kwa masafa ya 457 kHz, ufito wa kukunja wa kuchomea theluji, na sepetu. Upana wa skii haukukingi na poromoko; unachofanya ni kukufikisha kwa urahisi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambako maporomoko mengi huanzia. Soma taarifa ya asubuhi, ya Utah Avalanche Center ukiwa Utah, ya SLF ya Davos ukiwa Uswisi. Hatari hupimwa kwa madaraja 1 hadi 5. Daraja la 3 huua watu wengi, kwa sababu siku hiyo mlima unapendeza na watu hutoka.

Usipite karibu na shina la msonobari. Chini ya matawi theluji haijazi, hubaki shimo lililofunikwa. Anayetumbukia humo kichwa chini mara nyingi hawezi kujitoa. Mwenzako awe mahali mnapoonana, siyo mahali mtakapokutana baadaye.

Skii ikichomoka kwenye unga, usiitafute chini. Wewe umeendelea kushuka baada ya kuanguka. Yenyewe mara nyingi imezama karibu na pale ilipoachia, juu yako. Panda hadi hapo. Chukua skii iliyobaki, izamishe mkia, uikate theluji kwa mistari ya kukingama mteremko, kila mstari karibu na uliotangulia, ukisikiliza mgongano. Mwenzako asimame juu yako, fimbo zake mbili zimechomekwa kwa alama ya msalaba, ili wanaoteremka wapite mbali.