Karani wa Mahakama: Mfahamu Kabla ya Kufungua Shauri

Mwananchi anayekwenda Mahakama ya Mwanzo kudai fedha zake, tuseme kwa fundi seremala aliyepokea malipo ya kabati na asilitengeneze, hakutani kwanza na hakimu. Hukutana na karani. Huyu ndiye anayepokea madai, anayeyaingiza kwenye rejista, anayetoa namba ya shauri na kuandaa hati ya wito kwa mdaiwa. Siku ya kusikilizwa huita majina ya wadaawa, hupeleka jalada kwa hakimu na hutunza kumbukumbu. Kwa kuwa yote hayo hupitia mikononi mwake, wapo wanaoondoka wakiamini kwamba karani ndiye mahakama. Imani hiyo yaweza kumpotezea mtu haki yake.

Karani hana mamlaka ya kuamua jambo. Aweza kukueleza utaratibu: fomu ipi ujaze, ada ni kiasi gani, shauri limepangwa tarehe ipi na kwa hakimu yupi. Hapaswi kukuambia kama utashinda, wala kukufundisha maneno ya kusema mbele ya hakimu. Akikataa swali la namna hiyo usimdhanie kiburi. Kesho mdaiwa wako atasimama kwenye dirisha lilelile, naye pia anastahili kuhudumiwa na mtumishi asiyeegemea upande.

Ada ya mahakama hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, kupitia benki au simu, nawe hupata stakabadhi. Fedha ya mkononi ya “kuharakisha jalada” si ada. Ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea. Ukiombwa, piga simu TAKUKURU namba 113. Simu hiyo hailipiwi.

Ukiambiwa kwamba hakimu hayupo, usiondoke kabla hujapewa tarehe mpya. Iandike pamoja na namba ya shauri. Mdai asipofika bila sababu, shauri lake laweza kufutwa; mdaiwa asipofika, laweza kusikilizwa upande mmoja. Kusema baadaye kwamba ulisikia mtu koridoni akitaja tarehe nyingine ni utetezi dhaifu.

Jambo linalostahili uangalifu kuliko yote ni rufaa. Usiporidhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, rufaa hukatwa Mahakama ya Wilaya, na huwasilishwa hukohuko Wilayani, ndani ya siku 30. Siku hizo huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Hazihesabiwi tangu siku uliyokabidhiwa nakala ya hukumu. Hukumu iliyosomwa tarehe 3 Machi, mwisho wake ni tarehe 2 Aprili.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu huenda kuomba nakala, karani humjibu kwamba bado haijachapwa, arudi wiki ijayo. Karani huenda anasema kweli tupu, wala hana nia mbaya. Lakini jibu lake halisimamishi siku. Mwananchi huyo hurudi mara tatu, mara nne, na siku anayoipata nakala muda umekwisha kupita. Kwa hiyo omba nakala kwa barua siku ileile ya hukumu, ubaki na kopi yenye mhuri wa kupokelewa. Wakati huohuo andika sababu zako za rufaa, hata kwa maneno ya kawaida, kutokana na yale uliyoyasikia yakisomwa, na uende masijala ya Mahakama ya Wilaya mapema, nakala iwe imetoka au haijatoka.

Aliyechelewa aweza kuiomba Mahakama ya Wilaya imwongezee muda, lakini ni lazima atoe sababu ya msingi. Kopi ya barua yenye mhuri na tarehe huthibitisha ulichofanya. Neno la “niliambiwa nisubiri” peke yake ni vigumu kulithibitisha.